Yule kijana wa chakula ameshalipwa? Mada kuhusu bakshishi na oda za kupelekewa

(Mada hii niliiwasilisha Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa tawi letu, Kijitonyama. Wenzetu ambao hamkufika mmeiomba, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoizungumza. Hata pale mliponizomea sikupafuta.)



Kabla sijafungua karatasi yangu nina swali moja. Yule kijana aliyeleta maboksi ya pilau, ameshalipwa? Nauliza kwa sababu wakati naingia nimemkuta pale nje kwenye mwembe, amekaa juu ya pikipiki yake. Nikamwambia, kaka, mbona hujaondoka? Akanijibu, "Dada, nimeambiwa nisubiri, mweka hazina yuko meza kuu." Makamanda, yule kijana anatudai shilingi 3,500 za usafiri, na ameshakaa dakika arobaini. Mweka hazina, nakuomba kwa heshima zote, mpelekee sasa hivi. Mie nasubiri.

(Akaenda. Nikaendelea.)

Mada niliyopewa na kamati inauliza kama tutoe bakshishi tunapoagiza chakula cha kubeba au cha kupelekewa. Wote mnajua ilikotoka. Ilitoka kwenye grupu letu la WhatsApp, ule ugomvi uliokwenda mpaka saa nane usiku. Mwenzetu mmoja alitaka tawi lipitishe azimio kwamba kila mwanachama akiagiza chakula atoe angalau buku kwa aliyemletea. Mwingine akasema bakshishi ni kumdhalilisha mfanyakazi, mwanamapinduzi hatoi sadaka, anadai haki. Wa tatu, naye simtaji maana yupo hapa anacheka, akasema yeye akikaa mezani anatoa, lakini akibeba chakula mwenyewe amtipu nani? Kanihudumia nani, mbona nimesimama mwenyewe kaunta?

Naanza na huyu wa tatu, kwa sababu swali lake naliweza. Mie nimefanya kazi miaka miwili kwenye kaunta ya kufungasha, mgahawa mmoja huku Mikocheni. Jina siwapi, na msijaribu kukisia.

Mteja aliyesimama kaunta anaona mtu mmoja anampa mfuko, basi. Haoni kilichotangulia. Wali unafungwa peke yake usilowe mchuzi. Kachumbari kwenye kifuko chake. Pilipili umeuliza aweke au asiweke? Vijiko vinne au vitano? Oda ya ofisi ya watu kumi na wawili, wawili hawali nyama ya ng'ombe, mmoja hataki ndizi, na ukikosea boksi moja simu inapigwa na anayetukanwa ni wewe. Saa sita na nusu hadi saa nane mchana hukai. Weita wa mezani ana bahati moja, mteja anamwona uso. Aliyeko kwenye kufungasha haonekani, na asiyeonekana hakumbukwi wakati wa chenji.

Halafu kuna ile pesa ya boksi. Si mnajua, ukisema "nifungie" unaongezewa mia tano au elfu moja. Wateja wengi waliniambia wanadhani ile ni ya yule anayefungasha. Jamani, ile ni ya boksi. Ni ya boksi na mfuko, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko nao una bei yake. Mie katika ile mia tano sikuwahi kuona hata shilingi.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamanda wa tatu ni kwamba umehudumiwa, tena sana, ila hukuona. Lakini subiri, sijasema bado kwamba utoe.

Nataka niwasimulie lile kopo.

Nilipoanza pale tulikuwa tunalipwa elfu sita kwa siku na chakula cha mchana. Mteja mmoja mmoja akiacha chenji, tunagawana watu wa kaunta na wa jikoni jioni. Siku nyingine mia tano kila mtu, Ijumaa hata elfu mbili. Meneja akaona. Akaleta kopo zuri la kioo, akaandika "Asante kwa ukarimu wako", akaliweka kaunta. Tukafurahi! Wateja wakaanza kutumbukiza, mpaka noti za elfu tano. Mwezi wa kwanza kopo likafunguliwa mbele yetu. Mwezi wa pili likafunguliwa ofisini. Mwezi wa tatu tukaambiwa kwanza litafidia vyombo vilivyovunjika na oda ambazo wateja hawakulipa, kinachobaki ndiyo chetu. Vyombo gani, wakati sisi tunafungasha kwenye maboksi?

Wenzangu wakanituma nikaongee. Nikaenda. Niliomba vitu viwili, kopo tufungue wote, na posho ya siku iongezwe maana ilikuwa haijaguswa tangu niingie. Nakumbuka jibu lake neno kwa neno: "Nyie si mnapata tipu? Nikiongeza na mimi mtakuwa mnapata mara mbili."

Pale ndipo nilipoelewa bakshishi inafanya nini. Pesa imetoka mfukoni kwa mteja mwenye huruma, imepita kwenye mkono wangu, imeishia kumpunguzia bosi mzigo wa kunilipa. Mteja anaondoka akijua amenisaidia. Bosi anajua nani kasaidiwa.

Msiseme ni huyo mmoja ana roho mbaya. Kuna nchi ambayo jambo hili ni sheria. Marekani tangu 1966 sheria inamruhusu mwajiri ahesabu bakshishi ya mfanyakazi kama sehemu ya mshahara wa kima cha chini. Leo kima cha chini cha taifa kule ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Lakini kwa mfanyakazi wa bakshishi, mwajiri anaweza kutoa dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho kimekaa hapohapo tangu 1991. Watu waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto shuleni. Sheria inasema bakshishi isipotosha, bosi ajazie. Sasa niambieni, ni dada gani wa kaunta atakwenda kumwambia bosi wake, wiki hii wateja wamekuwa wachoyo, nijazie? Yapo majimbo, California likiwemo, yaliyokataa utaratibu huo na kutaka mshahara kamili kwanza, bakshishi iwe juu yake. Kwa hiyo hata huko kwenyewe watu wanabishana.

Na ukirudi nyuma zaidi unakuta kampuni ya mabehewa ya kulala, Pullman, ambayo baada ya utumwa kufutwa iliajiri wanaume weusi kuhudumia abiria kwa mshahara mdogo, wategemee chenji ya abiria. Wale watu waliunda chama chao 1925, kiongozi wao A. Philip Randolph, na mkataba na kampuni wakaupata 1937. Miaka kumi na miwili. Nawaambia hili kwa sababu kuna kamanda kwenye grupu aliandika kwamba mambo ya vyama vya wafanyakazi yamepitwa na wakati.

Karibu zaidi na mada yetu ni hizi programu za simu za kuagiza chakula. Kampuni ya DoorDash ya hukohuko Marekani ilikuwa na utaratibu wa kumwahidi dereva kiasi fulani kwa safari. Mteja akiongeza bakshishi, kampuni inapunguza ya kwake, dereva anabaki na kilekile. Yaani mteja amebonyeza kitufe cha kumtunza dereva, kumbe ametunza kampuni! Waliubadili 2019 baada ya kelele, na Februari 2025 wakakubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kulipa dola milioni 16.75. Ni kopo la Mikocheni lilelile, ila hili la kwao lilikuwa kubwa.

Sasa nije kwetu, kwenye boda. Hapa sitasema ya vitabuni, nasema ya mdogo wangu, ambaye ameniruhusu nitaje hesabu zake lakini si jina lake.

Yeye hana programu yoyote. Yuko na mgahawa mmoja, na akina mama wawili wanaopika nyumbani na kuuza kwa WhatsApp. Pikipiki ni ya mkataba, anapeleka elfu kumi kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Siku moja wiki iliyopita tukakaa tukaandika. Safari tisa, wastani wa 2,500, jumla 22,500. Toa hesabu ya tajiri elfu kumi. Toa mafuta elfu sita. Toa bando na vocha elfu moja, maana wateja wa Dar hawana namba za nyumba, ni kupigiana simu mpaka mlangoni. Toa chakula chake cha mchana elfu mbili. Imebaki 3,500. Juu yake bakshishi, wateja watatu, jumla 2,500. Akarudi nyumbani na elfu sita.

Nyie mnaosema bakshishi ni kudhalilisha, hebu itoeni hiyo 2,500 muone. Karibu nusu ya alichorudi nacho ni chenji za watu asiowajua. Mtu wa namna hiyo huendi kumhubiria kwamba asipokee kwa sababu ya itikadi. Na hapo tairi halijapasuka, na trafiki hajamsimamisha.

Kuna kitu kingine kwenye lile daftari ambacho mie mwenyewe kilinichoma. Safari tisa, lakini saa alizokaa kaunta akisubiri oda itoke ni karibu tatu. Hakuna anayelipa zile saa. Na anayemchelewesha ni nani? Ni mimi wa juzi, niko peke yangu kwenye kufungasha kwa sababu bosi hataki kuongeza mtu wa pili. Boda anagomba na dada wa kaunta, dada wa kaunta anamjibu hovyo, mteja anawakasirikia wote wawili chakula kikipoa. Bosi hayupo kwenye ugomvi huo hata kidogo.

Ndugu mwenyekiti, sasa nasema jambo ambalo litaniletea maneno. Sisi humu ndani ni hodari wa kusema mnyonge, mnyonge. Lakini nimewahi kukaa pembeni ya kamanda mmoja, mvua inanyesha, anampunguzia boda kutoka elfu tatu mpaka elfu mbili kwa dakika kumi kwenye simu, halafu anakata simu na kurudi kuandika bango la Mei Mosi. (Hapa ndipo mliponizomea.) Zomeeni tu. Kabla hatujafika kwenye bakshishi kuna bei ya safari yenyewe. Ukimkata mtu elfu moja halafu ukamwachia mia mbili ya maji, umempa nini?

Haya, sheria inasemaje? Maana wengi tunaongea kama vile hakuna sheria.

Amri ya mishahara ya kima cha chini iliyoanza 1 Julai 2013 iliweka 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za kulala wageni na baa. Iliyofuata ilianza kutumika 1 Januari 2023. Miaka tisa na nusu! Katika miaka hiyo bei ya sahani ya wali maharage mnaijua ilikotoka na ilikofika. Serikali iliyolala miaka tisa na nusu ndiyo ilipata nguvu, Julai 2021, ya kuanzisha tozo kwenye miamala ya simu, mpaka ikawa ukimtumia mtu ya soda ilibidi ufikirie tozo na ya kutolea. Hilo tulilipigia kelele na kelele zikasaidia, ikaanza kupunguzwa mwaka uleule.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazuia bosi kukata mshahara kiholela. Akitaka kukukata kwa ajili ya hasara lazima iwe ni kosa lako kazini, akueleze kwa maandishi, upewe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Kwa hiyo habari ya "mteja kakimbia, mnalipa nyote" haimo kwenye sheria hiyo.

Lakini kifungu ninachotaka mkishike leo kiko kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, au saa zake za kazi zinapangwa na huyo, au ni sehemu ya shughuli ya taasisi hiyo, au amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au anamtegemea kiuchumi, au anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Hata moja linatosha.

Mfikirieni sasa boda anayevaa fulana yenye jina la mgahawa, anaripoti saa nne asubuhi, anaondoka bosi akimruhusu. Anaambiwa "wewe umejiajiri". Akigongwa barabara ya Bagamoyo akiwa na maboksi ya bosi mgongoni, hakuna mchango wa NSSF wala Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumjui. Tunachanga kwenye grupu. Ile michango nayo ni bakshishi, ila anayeipokea kalala Muhimbili.

Kuna atakayesema tukiwabana watafunga biashara. Sitacheka hoja hiyo. Mwaka 2022 LATRA iliposhusha kamisheni ya kampuni za usafiri wa mtandaoni hadi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma Aprili, ikarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Madereva waliokuwa wakiitegemea walikaa miezi bila hiyo kazi. Kwa hiyo ukidai, jua kuna gharama, na jiulize nani anaibeba. Ila mgahawa wa Mikocheni hauwezi kufunga virago ukaenda kupikia wateja wa Sinza kutoka Ulaya.

Na kwa nini hili ni suala la chama, si la adabu tu? Kwa sababu sisi tunaijua bakshishi kwa jina jingine. Mnaikumbuka takrima? Wagombea waliruhusiwa na sheria ya uchaguzi kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta vifungu hivyo 2006, baada ya asasi za kiraia kwenda kufungua kesi. Hoja ilikuwa nyepesi, mtu mwenye njaa ukimpa pilau siku moja umemnyamazisha miaka mitano. Kopo la kioo linafanya hivyohivyo kwa dada wa kaunta. Tofauti ninayoiona ni moja tu. Yule mteja aliyeacha buku lake hakuwa na nia mbaya.

Basi msimamo wangu, na ninauleta kama pendekezo ili mpige kura.

Toeni. Mkipelekewa toeni, mkifungiwa oda kubwa toeni. Lakini muweke mkononi mwa mtu, noti au sarafu. Msiongeze kwenye Lipa Namba ya mgahawa, maana pale imeingia kwa bosi na hurudi kuiona. Kwa oda ya ofisi, mkabidhi boda na umwambie kwa sauti, hii mgawane na aliyefungasha. Mie niliwahi kuletewa elfu moja namna hiyo na kaka mmoja wa boda ambaye alikuwa amepewa elfu tano huko Victoria. Angeweza kukaa kimya. Mkiona kopo kaunta, muulizeni dada kwa upole, hili mnafungua wenyewe? Akitazama pembeni, mmepata jibu.

Azimio la lazima buku kila mwanachama silikubali. Tuna wanachama ambao buku ni nauli ya kurudi Mbagala. Asiyekuwa nacho alipe bei ya safari bila kupunguza, aseme asante, na asimwache mtu getini.

Chama chenyewe kianze. Kuanzia kikao kijacho, chakula cha tawi kilipwe pamoja na usafiri wakati wa kuagiza, si baada ya hotuba. Na bajeti iwe na mstari wa aliyeleta na aliyepika. Mweka hazina ananiangalia vibaya, lakini elfu tatu kwa kikao haitatuangusha.

La mwisho ni kazi, si kura. Nahitaji vijana sita wa kuzunguka nami migahawa na vijiwe vya boda kati ya Mwenge na Makumbusho. Hatuendi na bendera wala hatugawi kadi. Tunakwenda na daftari, tunauliza mambo yaleyale saba ya kifungu cha 61, na tunaandika majibu bila majina. Yeyote atakayekubali kudai tutamsindikiza CHODAWU, ambacho ni chama cha wafanyakazi wa mahoteli na majumbani, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyefukuzwa tumwahi, ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake, madai mengine siku 60. Wengi wanakuja kwetu mwezi wa tatu, wakati mlango umeshafungwa.

Tunakutana Jumanne saa kumi jioni hapahapa, kabla foleni ya jioni ya oda haijaanza, maana ikishaanza hakuna boda wala dada wa kaunta mwenye muda wa kuongea na sisi. Wenye pikipiki zao waje nazo. Karatasi ya majina iko kwa katibu.